Ubavu wa Kushoto wa Gari la Tajiri

Tarehe ishirini na moja mwezi wa tano mwaka huu alifariki shangazi yangu Sekela, nyumbani kwake Ilula, akiwa amekaa kwenye kigoda cha jikoni akisubiri maji yachemke. Maji yalichemka mpaka yakakauka, na harufu ya sufuria iliyoungua ndiyo iliyowaita majirani. Watu waliomfahamu walisema hilo ndilo lingemuumiza kuliko kifo chenyewe, maana hakuwahi kuunguza sufuria maisha yake yote. Siku ya maziko, kabla jeneza halijashushwa, kijana mmoja wa kanisani alisoma wasifu wake. Alisoma kuzaliwa, kuolewa, watoto na wajukuu, kisha akafika mahali ambapo nilijua atafika. "Marehemu alikuwa mtu wa usafi," alisoma. "Wengi mtakumbuka kwamba aliwahi kuosha gari la tajiri mmoja wa Mbeya, na tajiri huyo akasafiri mwenyewe mpaka hapa kuja kumshukuru." Waombolezaji wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachotokea puani, na mama mmoja nyuma yangu akasema, "Ile habari! Alitusimulia mpaka tukaijua kwa moyo." Mimi sikucheka. Kaka yangu Lusajo, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya kaburi na kofia mkononi, aliangalia viatu vyake. Katika watu wote waliokuwa pale, sisi wawili tu ndio tuliojua tajiri yule alikuja Ilula kufanya nini.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na cheti kisichofungua mlango wowote, nikapata kazi kwa Fundi Beda, Uyole, pembeni ya barabara kuu. Mbele kulikuwa na sehemu ya kuoshea magari kama zilivyo nyingine zote. Nyuma kulikuwa na chumba ambacho mteja haruhusiwi kuingia na viatu. Tulikiita chumba cha koti. Kuta zake zilikuwa zimepigwa rangi nyeupe, mlango ulizibwa kwa blanketi lililoloweshwa ili vumbi lisipite, na taa ndefu ziliwaka mchana kutwa. Humo ndani Fundi Beda alikuwa anapaka magari koti la seramiki, kazi aliyojifunza Dar es Salaam. Dawa yenyewe ilikuja kwenye kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Unaipaka juu ya rangi ya gari, unaifuta, inakauka na kuwa ngumu kama kioo chembamba kisichoonekana. Gari likishavaa koti hilo, maji hayakai juu yake. Yanajikusanya matone ya mviringo na kukimbia, na tope nalo halishiki sana. Wateja walifikiri gari la namna hiyo halihitaji kutunzwa tena. Fundi Beda alikuwa anawahubiria kila mmoja, hata wasiotaka kusikia: usitumie sabuni ya unga, usitumie tambara la jikoni, usifute vumbi kavu, na usimruhusu mtu aliguse kwa dizeli eti ling'ae. Uwe na ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glovu, ili mchanga uzame chini usirudi kwenye gari. "Koti siyo ngao," alikuwa anasema. "Koti ni ngozi. Na wewe ngozi yako unaisugua kwa msasa?" Mimi alinifundisha kuvaa mfuko wa mkate mkononi na kupapasa bodi taratibu, kwa sababu kupitia ule mfuko kiganja kinahisi hata chembe ambayo jicho halioni. Mpaka leo nikishika meza mpya au kitambaa, vidole vyangu vinatafuta chembe.

Gari la tajiri lililetwa mwezi wa pili. Lilikuwa kubwa na jeusi, na tulikaa nalo ndani ya chumba cha koti siku kadhaa kwa sababu tajiri alitaka lipakwe mara mbili. Sitalitaja jina lake. Ana watoto, na mwenyewe hayupo tena kujibu. Alikuwa mfanyabiashara wa mpunga kutoka upande wa Mbarali, mtu mfupi, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ulilazimika kuinama umsikie. Watu wote walimwita tajiri, hata wasiofanya kazi kwake. Dereva wake alikuwa kaka yangu. Lusajo aliipata kazi ile baada ya dereva wa kwanza, Ezekieli, na habari ya Ezekieli ndiyo ninayotakiwa kuieleza ili mtu aelewe kwa nini mwaka ule sikulala vizuri.

Nilikuwa ninakula mchana kwa Mama Gwamaka, chumba cha mbao kilichogusana na karakana yetu, wali na maharage na kipande cha parachichi. Benchi la wanawake lilikuwa nyuma ya pazia, hivyo madereva walikuwa wanaongea wakidhani hakuna mtu. "Saiti mira tu, kioo cha ubavuni, ndiyo iliyomponza Ezekieli," nilimsikia mmoja akisema siku moja. "Lori lilimpitia Igawa, likaivunja. Yeye akasema hajui nani kaivunja, maana lile lori hakuliona namba." Mwingine akauliza, "Ikawaje?" "Tajiri akasema, basi akae ndani mpaka akumbuke." Nikasikia kijiko kikigonga sahani. "Alipotoka mkono wa kulia haufumbi. Sasa hivi anauza mihogo ya kuchoma pale stendi, anageuza kwa kushoto." Mama Gwamaka akawaambia, "Semeni taratibu, dada yake Lusajo yuko humu." Wakaanza kuongelea bei ya dizeli. Jioni nilimwambia Lusajo aache ile kazi, naye akanijibu kwa utani kama kawaida yake. "Mimi siwezi kuuza mihogo, nitaila yote." Lakini nilimwona tangu siku hiyo akizunguka gari kila anaposhuka, anainama, anatazama magurudumu, milango, vioo, halafu anazunguka tena.

Mtoto wa kiume wa tajiri alifunga ndoa Iringa baada ya Pasaka, mvua zikiwa hazijaisha. Gari jeusi ndilo lilitakiwa kumbeba bibi harusi. Tajiri alitangulia na gari jingine, akamwagiza Lusajo alilete jeusi siku moja kabla, na aje na mimi ili nilioshe kabla ya kanisa, kwa kuwa Fundi Beda alimwambia asikubali lioshwe na mtu mwingine. "Mtalala wapi?" alituuliza. Lusajo akataja nyumba ya wageni. Tajiri akatikisa kichwa. "Gari langu halilali gesti. Hamna ndugu?" Tukasema tuna shangazi Ilula, mbele kidogo ya mji, na ua wake una lango. "Basi lilale huko." Nilipakia ndoo zangu mbili, shampuu, glovu na mataulo laini, nikavifunga kwenye mfuko kama nguo za mtoto mchanga. Njiani barabara ilikuwa inatengenezwa, tukapita kwenye tope jekundu la upande wa Makambako, na Mafinga mvua ikatupiga. Tulipofika Ilula jioni gari lilikuwa na rangi ya tofali.

Shangazi alitupokea kwa kelele. Yeye ni Mnyakyusa aliyeolewa na Mhehe, na alikuwa anachanganya lugha zote mbili na Kiswahili bila kujali nani anaelewa. Alilizunguka gari. "Mmelipitisha kwenye zizi la nguruwe? Na huyu ndiye dereva!" Lusajo akasema, "Shangazi, ni barabara." "Barabara ndiyo iliyoshika usukani?" Tulikula jikoni kwake, ugali na mboga ya figili na dagaa waliorostiwa na nyanya za shambani. Sijaona jiko jingine kama lile. Sufuria zake zilipangwa ukutani kuanzia kubwa hadi ndogo, zote zimesuguliwa kwa majivu mpaka zikawa nyeupe kama fedha, na mwanga wa koroboi ulikuwa unaruka kutoka sufuria moja kwenda nyingine. Niliuona uso wangu ndani ya kila moja, mdogo na mdogo zaidi. Nikamwambia, "Gari nitaliosha mwenyewe asubuhi, shangazi." Akasema, "Wewe ni mgeni. Mgeni anaosha?" Nikacheka, nikadhani na yeye anacheka.

Niliamshwa na sauti ya kusugua. Kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri. Ni sauti niliyoijua tangu nikiwa mdogo, kwaru, kwaru, kwaru, kipande cha kiroba na majivu juu ya bati, na kwa muda nililala nikiisikiliza kwa raha, kama mtu anayesikiliza mvua. Halafu nikaanza kujiuliza ni sufuria gani kubwa hivyo. Mkono ulikuwa unakwenda mbali mno kabla ya kurudi. Nilitoka bila viatu.

Shangazi alikuwa amefunga kanga kiunoni, beseni la majivu miguuni, anasugua mlango wa nyuma. Alikuwa amekwisha kumaliza karibu ubavu wote wa kushoto na nusu ya boneti. "Ndaga, mwanangu," akanisalimu kwa Kinyakyusa, "umeamka? Nilitaka nimalize ndiyo niwaamshe." Alikuwa anahema, amefurahi. "Hili gari lenu lina mafuta! Nimelimwagia maji, yanakimbia matone-matone kama kwenye sufuria ya nyama ya nguruwe. Nikasema, Mungu wangu, wanangu wanakwenda harusini na gari lenye mafuta. Nani amelipaka? Lakini huku nimeyatoa. Tazama." Akachota maji kwa kopo, akayamwaga juu ya mlango wa mbele. Maji hayakukimbia. Yalitandaa, yakashuka polepole kama shuka, na mlango ukabaki umelowa wote. Kwa mwanamke aliyeosha vyombo maisha yake yote, hiyo ndiyo alama ya chombo kilichotakata. Nilisimama pale nikitazama yale maji, na baridi ya Ilula ikapanda kuanzia nyayo mpaka mgongoni.

Lusajo alitokea na mswaki mdomoni. Aliona beseni, akaona kiroba. Alifungua mdomo, povu likamtoka, akasema "Sha—" nami nikamshika kifundo cha mkono kwa nguvu zangu zote. Nikamwambia shangazi, "Asante." Nimejiuliza mara nyingi kama lile neno lilikuwa uongo. Halikuwa. Alikuwa ameamka kabla ya jogoo kwa ajili yetu, na mikono yake ilikuwa myekundu kwa baridi. Nilimwomba akatupikie chai, na alipoingia ndani nilivaa mfuko wa mkate nikapapasa ubavu wa kushoto. Ulikuwa kama ulimi wa ng'ombe. Lusajo akaniuliza kwa kunong'ona, "Linatengenezeka?" Nikamwambia koti limekwisha, na chini yake rangi imekwaruzika, gari likiwa limelowa mikwaruzo haionekani, likikauka litakuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Linatakiwa kung'arishwa kwa mashine Mbeya, siyo leo. Akakaa chini kwenye majivu. Nilimwona akifumba na kufumbua mkono wa kulia, anafumba, anafumbua, na nilijua anamfikiria nani.

Tuliongea tukiwa njiani kuelekea Iringa, gari limeoshwa, limefungwa riboni nyeupe nyingi upande wa kushoto kuliko kulia. Lusajo alisema, "Akiuliza, nimeliosha mimi kwa haraka, nimekosea. Wewe nyamaza." Nilimwambia sitaweza. "Siyo lazima uongee!" Nikamwambia akiuliza mbele yangu, nitasema. "Kwa hiyo utamtaja shangazi? Kwa yule mtu?" Mbingu ilikuwa imefunga, manyunyu yalikuwa yanaanguka, na nilimwomba Mungu jambo ambalo sijawahi kusikia mtu akiliomba siku ya harusi: jua lisitoke.

Halikutoka wakati wa kwenda kanisani. Ibada ilikuwa ndefu, nami nilisimama nje karibu na gari na taulo lenye maji, kila upepo ukikausha mlango ninaulowesha tena. Wapambe walinicheka. "Dada, gari litapata mafua!" Kengele zilipolia na milango ikafunguliwa, wingu likapasuka. Jua la baada ya mvua kule juu ni kali kuliko jua la siku kavu. Nilisikia vigelegele, nikaona mchele ukirushwa, na nikaona ubavu wa kushoto ukikauka kuanzia juu kwenda chini, na ukungu ukichipuka juu ya weusi, duara juu ya duara, kama alama za mkono wa shangazi. Tajiri alikuja upande ule. Alisimama mbele ya mlango kurekebisha tai yake kwa kujitazama, kama alivyozoea, na hakuona uso wake. Halafu akagusa mlango kwa kidole kimoja.

"Nani?" alisema, kwa ile sauti ya kuinamia.

"Mimi, tajiri," Lusajo akajibu.

"Siyo yeye," nikasema. "Ni shangazi yetu. Aliliosha kwa majivu kabla hatujaamka. Alidhani lina mafuta."

Tajiri alinitazama mimi, kisha kaka yangu, kisha mlango. Bibi harusi alikuwa anakuja na gauni limeshikwa na watoto. "Huyo shangazi yenu ndiye yule wa Ilula?" Nikasema ndiye. "Sawa," akasema. Akafungua mlango, akamkaribisha mkwewe ndani. Hakusema kitu kingine siku ile, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Ningependa kueleza namna lile neno "sawa" lilivyokaa ndani yetu, lakini sina maneno mengi. Lusajo hakuniongelesha mpaka tulipofika Mbeya. Aliposema, alisema mara moja tu: "Mimi ningepona. Mimi ni mwanamume, ningekaa ndani nitoke. Sasa yule bibi?" Najua tu kwamba nikirudishwa pale kanisani nitasema vilevile, kwa kuwa sikujifunza namna nyingine. Tajiri hakuruhusu gari ling'arishwe. Fundi Beda alimwambia, akamsihi, akamweleza kwamba rangi inazidi kuchoka. Tajiri akasema liachwe hivyo hivyo. Kila Jumamosi alilileta, akatoa kiti chake cha kukunja, akakaa upande wa kushoto na kunitazama nikiosha. Upande wa kulia maji yalikimbia. Upande wa kushoto yalitandaa. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikaja, vidole vyangu vikapasuka, naye alikuwa amekaa pale na koti lake zito, kimya. Siku moja aliongea na simu akiwa amekaa hivyo, na nikamsikia akisema, "Hapana, huyo muache kwanza. Mtu akisubiri sana anakumbuka mwenyewe." Sijui alikuwa anamzungumzia nani. Glovu ilinidondoka chini kwenye mchanga, nikalazimika kuchukua nyingine.

Lusajo alikonda. Mikanda yake yote ilitobolewa matundu mapya. Mimi nilianza kumpigia shangazi simu kila siku ya Mungu, na yeye akafurahi sana. "Umenipenda ghafla," aliniambia. "Au unataka kuolewa?" Nilikuwa ninamuuliza kama kuna mgeni yeyote amefika. "Mgeni gani?" Yeyote. "Walikuja wanunuzi wa nyanya. Atuganile, una nini?" Nikamwambia sina kitu, halafu nikaona huo ni uongo, nikamwambia, "Nina hofu tu, shangazi." Akasema, "Hofu ya nini?" Nikasema siwezi kusema. Akasema atanitia kwenye maombi, na kwamba nile vizuri.

Mwezi wa kumi, miti ya maua ya zambarau ikiwa imechanua mjini, tajiri alinyanyuka kwenye kiti chake Jumamosi moja kabla sijamaliza kuosha. "Kesho kutwa tunakwenda Ilula," alimwambia Lusajo. Akanigeukia. "Na wewe." Safari ile ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri. Nilikaa mbele na Lusajo, tajiri nyuma upande wa kushoto. Igawa tulisimama kuweka mafuta. Watoto wakaja na mahindi ya kuchoma, akafunga kioo. Makambako simu yake iliita. "Niko njiani kwenda Iringa," alisema. "Nina jambo na mama mmoja huko." Nilimtazama Lusajo. Jasho lilikuwa linamshuka nyuma ya sikio na mikono yake ilikuwa imeshika usukani kama mtu anayening'inia. Nilifikiri nimwombe tajiri anisamehe mimi, lakini sikujua nitaanza na kosa gani. Nilifikiri nimpigie shangazi atoke nyumbani, aende shambani, aende popote. Lakini simu ingesikika. Kwa hiyo nilikaa. Mlima baada ya mlima, nilikaa.

Shangazi alikuwa uani anapanga vyombo kwenye uchanja. Aliona gari likiingia, akapiga kigelegele. "Limerudi! Na limerudi chafu tena!" Alimwona tajiri akishuka, akajifuta mikono, akapiga goti kidogo. "Kamwene, baba. Karibu. Huyu ndiye mwenye gari?" Tajiri akaitikia. Shangazi akatugeukia akiwa amejaa tabasamu. "Ndiyo maana uliuliza wageni kila siku! Mlitaka kunishtukiza!" Hakungoja jibu. Alichukua kiti kimoja chenye mgongo alichokuwa nacho, akakifuta kwa kanga, akamketisha tajiri mlangoni pa jiko, akaanza kusonga ugali. Tulikula wote wanne. Tajiri alikula kidogo kidogo, macho yake yakiwa ukutani kwenye sufuria.

"Mama," tajiri alisema, "gari langu uliliosha wewe?"

"Mimi, baba. Hawa watoto walikuwa wamechoka."

"Ulilioshaje?"

Nilishika ukingo wa mkeka. Shangazi, kama mwalimu aliyeulizwa swali analolipenda, akainuka, akaleta sufuria mbili. Moja ilikuwa ya mchuzi, bado haijaoshwa vizuri. Nyingine ilitoka ukutani. Akamwaga maji kwenye ya kwanza, yakajikunja matone na kuteleza. "Unaona? Hapo pana mafuta. Mtu mvivu anasema pametakata kwa sababu panang'aa." Akamwaga kwenye ya pili, yakatandaa. "Hapa pametakata. Gari lako lilikuwa kama hii ya kwanza, baba, lote. Nikasema, mtu mkubwa kama huyu wanamdanganya, wanampaka mafuta badala ya kumwoshea gari. Nikayatoa. Sikuwahi kumaliza upande wa pili, kulikucha." Akamtazama kwa aibu kidogo. "Unisamehe kwa hilo."

Tajiri alikaa na mkono wake ndani ya bakuli la kunawia kwa muda mrefu kuliko kunawa kunavyohitaji. Kuku alipita. Halafu tajiri akatoa mkono, akaufuta kwa leso yake, akasema, "Asante, mama." Akasimama. Shangazi hakukubali aondoke mikono mitupu. Alimjazia tenga la nyanya na kumwamuru Lusajo alipakie. Alitusindikiza mpaka langoni akiimba.

Tuliuacha mji wa Iringa nyuma, tukafika kwenye misitu ya Mafinga. Ndipo sauti ikatoka kiti cha nyuma, ya chini, ikabidi niiname kinyumenyume. "Msimwambie." Lusajo akasema, "Ndiyo, tajiri." "Na wewe?" Nikamwambia shangazi akiniuliza, siwezi kumdanganya, lakini asiponiuliza, sitamwambia. "Sawa," akasema, kama alivyosema pale kanisani. Mbeya, mbele ya nyumba yake, alishuka, akanyoosha mkono, Lusajo akampa ufunguo. "Kesho usije," tajiri alisema. Alibeba tenga la nyanya mwenyewe, akaingia ndani na lango likafungwa. Tulisimama barabarani kwenye baridi. Lusajo alifumba mkono wa kulia, akaufumbua, akaanza kulia huku anacheka. Wiki iliyofuata dereva mgeni alilileta gari chumba cha koti. Nilimshikia taa Fundi Beda akiling'arisha na kulivika upya. Yote yalitoka isipokuwa duara moja dogo chini kabisa, kwenye pindo la mlango wa nyuma, ambako mashine haifiki.

Shangazi hakuniuliza kamwe. Alisimulia, hakuuliza. Nami sasa nina chumba changu cha koti, Iringa, na Lusajo anaendesha malori ya kwenda Tunduma. Usiku wa maziko tulilala kwenye ile nyumba, mimi na wanawake chumba cha ndani, wanaume uani. Gari langu nililokwenda nalo ni dogo, la fedha. Koti lake nililipaka kwa mkono wangu mwaka jana, na ndilo ninalowaonyesha wateja. Lilikuwa limejaa vumbi la safari na majani ya msibani.

Asubuhi niliisikia. Kwaru, kwaru, kwaru. Nililala kidogo nikiisikiliza, kisha nikatoka bila viatu. Tusekile, binti mkubwa wa shangazi, alikuwa amefunga kanga kiunoni, macho yamevimba kwa kulia, beseni la majivu miguuni, anasugua mlango wa kushoto. "Dada, lina mafuta," aliniambia, sauti imekwama. "Mama angeona." Lusajo alikuwa amesimama kando ya moto wa msibani na mswaki mdomoni, ananitazama. Nilichukua kopo, nikachota maji kwenye ndoo, nikayamwaga pale alipokwisha kusugua. Yalitandaa. Nikachota tena.